Hesabu za Bibi Loomis

Mjomba wangu Asahel Crane alifundisha shule Middletown, Connecticut, kwa miaka thelathini na minne. Wanaomkumbuka wanamkumbuka kwa mguu wake wa kushoto, aliokuwa akiuburuta tangu alipoteleza kwenye barafu, na kwa kesi yake na mchapaji Dorr. Kuhusu kesi kila mtu ana habari yake. Mimi niliishi ndani ya nyumba ile. Mkewe alipofariki niliitwa kumtunzia nyumba, nikiwa na miaka kumi na tisa, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake, kila barua iliyotoka pale ilipita mkononi mwangu. Kwa hiyo nitakayosema hapa sikuyaokota mlangoni mwa kanisa.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1784, vita vya uhuru vimekwisha na watu wana hamu ya kusomesha watoto. Kiliitwa Hesabu kwa Watoto wa Nyumbani. Vitabu vya hesabu vya wakati ule vilimwanzisha mtoto na mizigo ya wafanyabiashara wa London, nguo za hariri na mapipa ya divai, vitu ambavyo mtoto wa mkulima hajawahi kuvitia machoni. Cha mjomba kilianza na kuku, tufaha, kondoo waliopotea, mikate iliyoungua. Watoto walicheka huku wakijumlisha. Katika mwaka mmoja shule nyingi za kando ya mto wetu zilikuwa nacho, na mjomba, ambaye hapo awali alikaa viti vya nyuma kanisani, alianza kusalimiwa na watu waliokuwa wakimpita.

Kisha akaja Eliphalet Dorr. Huyu alikuwa mchapaji upande wa pili wa mpaka, katika jimbo ambalo sheria yetu haikufika. Kwetu Connecticut bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kumlinda mwandishi, lakini ukivuka kijito tu, mtu aliweza kuchapa chochote alichotaka na kwenda zake kulala usingizi mnono. Dorr alinunua nakala moja dukani kama mteja mwingine yeyote, akaipanga upya herufi kwa herufi, akatoa jina la mjomba kwenye jalada na kuandika kwamba kitabu kimesahihishwa na kuboreshwa na E. Dorr. Wachuuzi wakakileta kwetu chini ya masufuria ya bati.

Tulijua siku fundi mapipa Heman Stiles alipoingia bila kubisha, kitabu mkononi.

"Mwalimu," akasema, "saba mara nane ni ngapi hapa kwako?"

"Hamsini na sita."

"Basi soma hapa."

Kitabu kilisema hamsini na nne. Stiles alikuwa amemchapa mwanawe kwa kung'ang'ania hamsini na sita. "Kumbe mtoto alikuwa anakuamini wewe kuliko mimi baba yake," akasema. "Sasa nimwombe nani msamaha, yeye au wewe?"

Mjomba akageuza kile kitabu, akaona jalada, akaona jina lake halipo. Sijawahi kumwona mtu amekasirika vile bila kupaza sauti. Aliketi, akaniambia nilete karatasi.

Vita vyake na Dorr vilichukua miaka sita. Alipanda farasi kwenda Hartford, Boston, hata Albany, akiomba mabunge yampe haki juu ya kitabu chake katika kila jimbo. Alingoja kwenye korido pamoja na watu waliokuja kuomba vibali vya madaraja. Maombi yote niliyaandika mimi, kumi na moja kwa jumla, na kila moja lilikuwa na sentensi ileile: kwamba kitabu ni jasho lake peke yake, na hakukikopa kwa mtu aliye hai wala aliyekufa. Sentensi hiyo aliitunga mwenyewe na aliipenda. Nami niliiandika kwa herufi kubwa kidogo kuliko nyingine.

Huko Albany mbunge mmoja alimcheka. Akamuuliza kama mbili na mbili nazo ni mali yake. Mjomba akajibu kwamba mbili na mbili ni za Mungu, lakini njia ya kumwingizia mtoto mbili na mbili kichwani ni yake yeye. Jibu lile lilirudi Middletown kabla yake. Watu walilirudia dukani, na mchungaji akalitia katika mahubiri.

Mwaka 1790 sheria ikatoka kwa nchi nzima. Mjomba akapeleka jalada la kitabu kwa karani wa mahakama, karani akaliandika katika daftari lake kubwa, na kama sheria ilivyotaka, tangazo likatoka gazetini wiki nne mfululizo: kwamba Asahel Crane amesajili kitabu ambacho anadai haki yake kama mwandishi. Nililikata nikalibandika ukutani karibu na dirisha la jikoni. Nakala za Dorr zikakamatwa Hartford, na kesi ikapangwa kusikilizwa mwezi wa Mei.

Ilikuwa Machi, barabara zote matope, mtu mmoja wa Harrow Hill, kijiji cha milimani, alipopita akiuza sukari wanayoichemsha kutokana na utomvu wa miti. Akanipa kifurushi cha kitambaa, akasema ni cha Mwalimu, kimetoka kwa Bibi Loomis. Mjomba alikuwa shuleni. Kwa kuwa barua zake zote nilizifungua mimi, nikakifungua na hiki.

Ndani kulikuwa na daftari lililoshonwa kwa uzi wa sufu, karatasi zake zimekuwa za kahawia, na alama za mafuta ya kupikia pembeni. Juu yake barua fupi, herufi zimeandikwa kwa kubonyeza sana:

"Asahel. Mchapaji Dorr alifika hapa na maneno matamu, anataka daftari hili. Sikumpa. Nimeona tangazo lako gazetini. Nakuletea wewe. Zerviah Loomis."

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Patience ana tufaha kumi na mbili. Anakula moja, anampa ng'ombe mbili, zilizobaki anagawana sawasawa na ndugu zake wawili. Kila mmoja anapata ngapi? Swali hilo nililijua kwa moyo. Katika kitabu cha mjomba mwenye tufaha aliitwa Thomas. Nikaendelea kufungua. Kuku, mikate, kondoo, vyote vilikuwamo, kwa mpangilio uleule, hata mzaha wa nguruwe aliyekula jibu. Robo tatu ya kitabu. Tofauti ilikuwa kwamba kila mahali aliyehesabu alikuwa Patience.

Aliporudi alilikuta daftari mezani, mahali pa sahani yake. Hakulishika. Alivua kofia, akaivaa tena, akaivua.

"Nilikuwa nimesahau," akasema.

"Hukusahau, Mjomba."

Kisha akanieleza, uso ameuelekeza ukutani. Alipokuwa na miaka ishirini alifundisha Harrow Hill majira mawili ya baridi, na alilala na kula kwa mjane huyo. Bibi Loomis alikuwa na binti mmoja, Patience, aliyefariki kwa ugonjwa wa koo akiwa na miaka sita, mwaka mmoja kabla mjomba hajafika. Hesabu zile alizitunga kwa ajili yake. Mtoto alipokufa hakuziacha, akazitumia kuwafundishia watoto wa jirani waliokuja jikoni kwake wakati wa kiangazi. Mjomba alipolalamika kwamba wanafunzi wadogo hawamwelewi, yeye mwenyewe alimpa daftari, akasema chukua, litakusaidia. Alilinakili lote. Baada ya miaka kumi na tatu ya kuyatumia maswali yale kila siku, alisema, yalikuwa yameshakaa mdomoni mwake kama yake.

"Na jina la mtoto?" nikauliza. "Nalo ulilisahau?"

Akachukua kofia yake akaenda kumlisha farasi.

Ningependa kusema kwamba nilimlazimisha aende Harrow Hill kesho yake. Sikufanya hivyo. Niliosha vyombo. Nililifunga daftari katika kitambaa chake, nikaliweka kabatini chini ya mashuka, na kwa miezi miwili hatukulitaja. Wakili alipokuja kutayarisha kesi, alimwuliza mjomba kama kuna lolote ambalo upande wa Dorr wanaweza kulileta. Mjomba akasema hakuna. Mimi nilikuwa nawamiminia chai. Nilimimina mpaka mwisho, sikusema kitu.

Kesi ilisikilizwa Hartford, chumba kimejaa. Nilikaa kwenye benchi la tatu. Wakili wa Dorr, alipoona anaelekea kushindwa, alisimama akasema mteja wake amepata habari kwamba maswali haya hayakutungwa na Bwana Crane hata kidogo, yalitungwa na ajuza mmoja wa milimani, jikoni kwake. Wakili wetu akauliza uko wapi ushahidi. Akajibu kwamba huyo mama amekataa kuutoa.

"Bila shaka amekataa," wakili wetu akasema. "Pengine alikuwa anakoroga sabuni ya mafuta na majivu, akaogopa kupoteza hesabu ya majivu."

Chumba kizima kikacheka. Hata jaji alishusha kidevu kuficha kicheko. Nikamtazama mjomba. Alikuwa amekaa mbele, ubavu wake kwangu, na nikaona shavu lake limepanda. Alitabasamu. Si tabasamu kubwa, ni lile la mtu anayetaka kuonekana yuko pamoja na wenzake. Lakini nililiona, na naye aligeuka akaniona nikiliona.

Alishinda. Karatasi za Dorr zikaamriwa ziharibiwe. Watu wa Middletown walimwandalia chakula hotelini, nyama ya kuokwa na bia moto iliyotiwa sukari, na mwenye hoteli akamwomba arudie lile jibu la Albany. Alisema koo linamuuma. Nyama yake hakuigusa. Tukiwa njiani kurudi nyumbani alisimamisha gari la farasi mara mbili, akashuka, akasimama tu kando ya barabara ameshika hatamu za farasi, kisha akapanda tena.

Tulikwenda Harrow Hill baada ya siku tisa. Yeye ndiye aliyesema twende, na ndiye aliyelitoa daftari kabatini. Bibi Loomis tulimkuta jikoni akikandamiza jibini, mwanamke mfupi, mikono mikubwa, umri kama miaka sabini. Hakushangaa. Alituonyesha benchi kwa kidevu akaendelea na kazi yake, na mjomba akabaki amesimama.

"Habari za kule zimeshafika," Bibi Loomis akasema. "Walicheka?"

"Walicheka, Mama Loomis."

"Na wewe?"

Nilidhani atasema hapana. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari kumsaidia kusema hapana.

"Nilitabasamu," akasema.

Bibi Loomis akaendelea kukandamiza jibini. Maji ya jibini yalikuwa yakidondoka kwenye beseni.

"Dorr ni mwizi, aliniambia mwenyewe mlangoni kwa jinsi alivyokuwa akitazama rafu zangu," akasema mwishowe. "Wewe umekula hapa majira mawili. Nilikukanda huo mguu ulipoanguka. Nilitaka uone kitu hiki ninacho, halafu uamue mwenyewe. Nikangoja. Nilisema atakuja kabla ya kesi."

"Niliona aibu."

"Umeona aibu ukaenda mahakamani. Ungekuwa huna aibu ungekwenda wapi?"

Mjomba aliweka daftari mezani. Akaanza kuongea juu ya fedha, kwamba kila alichopata atamgawia, na yule mama akamkata, akasema mambo hayo ataongea na mimi, maana naonekana mwenye akili kuliko yeye. Kisha akajifuta mikono na kulivuta daftari karibu.

"Sikiliza. Kuchukua maswali, nilikupa, ingawa sikukupa uyaite yako. Hilo naweza kulimeza. Lakini Patience ulimtoa kwa nini? Alikukosea nini?"

"Mchapaji alisema wavulana hawatapenda..."

"Asahel."

Mjomba akaanza upya, na safari hii sauti ilikuwa ndogo hata ikabidi niiname nisikie. "Niliogopa mtu wa Harrow Hill akiona jina atajua yametoka wapi."

Bibi Loomis aliitikia kwa kichwa, polepole. Alisema kitabu kilipofika kijijini alikinunua kama wengine, akakaa nacho dirishani, akatafuta kila ukurasa akidhani pengine mahali pamoja jina limesahaulika kufutwa. Halikusahaulika. "Ulikuwa makini sana," akasema. "Dorr angekuwa makini hivyo asingekosea saba mara nane."

Mjomba alilia. Nilitoka nje nikasimama karibu na kisima, kwa sababu naye hakustahili kutazamwa wakati ule, na mimi sikustahili kumtazama. Mkono wangu ndio ulioandika mara kumi na moja kwamba hakukopa kwa mtu aliye hai wala aliyekufa.

Bibi Loomis alichomtaka ni kimoja: Patience arudi katika kitabu. Jina lake yeye mwenyewe, alisema, lisiwekwe humo.

Mjomba alikwenda kwa karani na kuomba usajili ubadilishwe. Karani alipekua sheria, akasema hajaona mahali panapoeleza mtu akitaka kujipunguzia haki afanye nini. Basi mjomba akaenda gazetini, akalipia tangazo kwa wiki nne, idadi ileile. Lilitoka chini ya tangazo la fahali aliyepotea. Lilisema kwamba maswali mengi ya kitabu chake yalitungwa na Bibi Zerviah Loomis wa Harrow Hill, kwamba yeye alijua hivyo alipodai vinginevyo, na kwamba alijua hivyo mahakamani.

Sentensi ya mwisho wakili alimsihi aitoe. Hakuitoa. Wakili hakukanyaga tena kwetu.

Dorr alilichapa tangazo lile upya kwa herufi kubwa kama kidole, akalisambaza bure kila mahali wachuuzi wake walipofika. Mjomba aliiacha fidia aliyopewa na mahakama, lakini hilo halikumfurahisha Dorr wala mtu mwingine. Mtu aliandika MWIZI kwa chaki kwenye mlango wa shule. Mjomba alilifuta mwenyewe asubuhi kabla ya watoto kufika, na lilipoandikwa tena akalifuta tena. Kamati ya shule ilikaa mara mbili, ikaona haina mwalimu mwingine. Kanisani alirudi viti vya nyuma kabla ya kuambiwa. Kilichomuumiza zaidi, nadhani, ni mchungaji, aliyemshika bega na kumwambia asijisumbue, maana kila mwalimu huchukua hapa na pale, na yule mama naye ni mwanamke wa kijijini tu. Mjomba aliuondoa ule mkono begani mwake. Siku hiyo hakula.

Chapa mpya ilitoka mwaka 1793. Patience alikuwamo tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na tufaha zake na ng'ombe wake. Kwenye jalada mjomba alikuwa ameandika: na Zerviah Loomis, pamoja na Asahel Crane. Aliona ni zawadi. Tulimpelekea nakala ya kwanza wenyewe, yeye amevaa koti lake jeusi.

Bibi Loomis alilisoma jalada akiwa amelishika mbali na macho.

"Nani alikuruhusu kuniweka hapa?"

Mjomba alikuwa hajamuuliza. Kwa mara nyingine alikuwa amechukua kitu chake bila kumuuliza, na safari hii akamletea akiwa na uso wa furaha. Wekundu ulimpanda tangu shingoni hadi utosini.

"Nitaviondoa vitabu hivi," akasema. "Vyote. Nitawaambia wavunje chapa."

"Usiharibu karatasi. Zimeshachapwa." Akaketi dirishani, akaanza kusoma, akituacha tumesimama kama watoto waliochelewa shule. Alisoma maswali yote. Mara moja alicheka, sijui kwa lipi. Mara kadhaa aliweka kidole juu ya jina na kukiacha hapo kidogo kabla ya kuendelea. Mwishoni akasema katika swali la thelathini na moja jibu ni kondoo kumi na tisa, wao wameandika tisa, na mtoto atakayepigwa kwa kosa hilo atapigwa kwa jina lake yeye sasa. Mjomba aliomba kalamu. Tulisahihisha nakala mia nne kwa mkono, mimi na yeye, katika wiki moja.

Miaka miwili baadaye mchapaji mwingine, huko Philadelphia, alikichapa bila ruhusa. Watu walimwambia mjomba apige kimya, maana akisimama tena mahakamani atachekwa mpaka kusini. Naye alitaka kupiga kimya. Alikwenda Harrow Hill kumuuliza Bibi Loomis, kwa kuwa sasa alimuuliza kila kitu, hata rangi ya jalada. Yule mama wakati huo hakuwa akitoka kitandani sana.

"Philadelphia ni mbali?" akauliza.

"Siku sita, barabara zikiwa nzuri."

"Panda farasi basi, unangoja nini?"

Akaenda. Mambo yalimalizwa katika ofisi ya wakili, bila kesi. Alipotakiwa kusema yeye ni nani katika kitabu kile, nimesikia kwamba alisema yeye ndiye aliyekinakili. Aliporudi nyumbani hakutaka kunisimulia, akasema amechoka na mguu. Nikamwekea supu ya maharage, akala, akaniomba nimwandikie Bibi Loomis barua kwamba wamekubali kuacha kuchapa. Nilipomuuliza niandike nini zaidi, alisema niandike hivyo tu, na chini niweke jina langu mimi, niliyeiandika.